UTAMU NA UCHUNGU KATIKA BILAURI MOJA
Kemia ya balungi, danzi na mkonge

Msafiri atokaye Ifakara kuelekea kusini huvuka Mto Kilombero kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, kisha hukata mbuga na mashamba ya mpunga hadi Lupiro. Hapo njia hugawanyika: moja hupanda kwenda Mahenge, na nyingine hufuata bonde kwenda Malinyi. Bonde hili ni la chini na joto lake ni kali. Msafiri anaposhuka garini, jambo la kwanza analolitaka ni kinywaji cha kukata kiu.

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba kinywaji kikatacho kiu vizuri mara nyingi si kile kilicho kitamu tu. Kinywaji chenye uchachu na uchungu kiasi huacha kinywa kikiwa safi, ilhali kile cha sukari tupu huacha mate mazito. Watu wa nchi mbalimbali wamelitambua jambo hili. Huko Meksiko, kwa mfano, watu wazima hunywa mchanganyiko wa pombe kali iitwayo tekila, maji ya balungi, maji ya ndimu na chumvi kidogo. Mchanganyiko wa namna hii huitwa kokteli.

Kwa mtazamo wa kwanza, kokteli ya Meksiko haihusiani na mambo ya Lupiro. Lakini tukikichambua kinywaji hicho kama wafanyavyo wanakemia, tutaona kwamba karibu kila sehemu yake ina ndugu katika Mkoa wa Morogoro. Mmea utoao tekila ni wa jenasi moja na mkonge wa Kilosa na Ngerengere. Sukari hutoka katika viwanda vya Kilombero, kule Kidatu. Balungi na ndimu ni matunda ya sokoni. Zaidi ya hayo, mchanganyiko wa pombe na maji ya balungi ndio uliowafikisha wanasayansi, mwaka 1989, kwenye ugunduzi unaomhusu kila mgonjwa amezaye vidonge vyake kwa maji ya matunda.

ULIMI HUTAMBUAJE LADHA

Juu ya ulimi mna vinundu vidogo, na katika vinundu hivyo mna vionjio, yaani mafungu ya seli zenye kazi ya kutambua ladha. Ladha za msingi zinazokubaliwa na wataalamu ni tano: utamu, uchachu, uchumvi, uchungu, na ile ladha ya supu ya nyama ambayo Wajapani wameipa jina la umami. Harufu si ladha, ingawa watu wengi huichanganya nayo. Mtu akibana pua na kula kipande cha chungwa, atasikia utamu na uchachu tu. Ule uchungwa wenyewe hupotea.

Yafaa walimu waelewe hapa kwamba ile ramani ya ulimi iliyochorwa katika vitabu vingi vya shule, ikionyesha utamu kwenye ncha na uchungu kwenye shina, si sahihi. Ramani hiyo ilitokana na kufasiriwa vibaya kwa kazi ya Mjerumani D. P. Hänig, iliyochapishwa mwaka 1901. Ukweli ni kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vionjio yaweza kutambua ladha zote tano.

Uchachu husababishwa na ioni za hidrojeni zitokazo katika asidi. Asidi kuu ya matunda jamii ya mchungwa ni asidi sitriki. Utamu hutokana na sukari, nayo hupokelewa na aina moja tu ya kipokezi. Uchungu ni tofauti kabisa: mwanadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi vya uchungu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Sukari ni chakula, na sukari zote hufanana kwa umbo. Bali sumu za mimea ni za maumbo mengi, na mwili hauna budi kuwa na walinzi wengi wa kuzitambua. Mkulima wa bondeni huijua kanuni hii bila kwenda maabara. Akionja mhogo na kuukuta mchungu, hujua kwamba una sumu na unahitaji kulowekwa na kuanikwa kabla ya kuliwa.

Hata hivyo, si kila kichungu ni sumu. Kwinini, ambayo wazee wengi wa Ulanga na Kilombero wanaikumbuka kwa ladha yake, iliokoa maisha ya watu wengi. Mtoto huitema, mtu mzima huimeza. Tofauti kati yao si ulimi bali ni mazoea na maarifa. Vivyo hivyo mwanadamu hujifunza kupenda kahawa, ngogwe na balungi.

KWA NINI BALUNGI NI CHUNGU NA CHUNGWA SI CHUNGU

Matunda haya yote ni wa ukoo mmoja. Balungi kubwa lenye ganda nene lina asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Balungi dogo zaidi, ambalo maji yake hutiwa katika makopo, ni mtoto wa balungi kubwa na chungwa, na lilionekana kwanza katika kisiwa cha Barbados katika karne ya 18. Danzi, lile chungwa chungu linalojulikana sana pwani, ni mtoto wa balungi kubwa na chenza. Kwa hiyo uchungu wa balungi na wa danzi ni urithi wa upande mmoja.

Kitu kikuu kinachotia uchungu katika balungi huitwa naringini. Kila molekuli yake ina atomu 27 za kaboni, 32 za hidrojeni na 14 za oksijeni. Lakini kuna kitu kingine, narirutini, chenye atomu zizo hizo na kwa idadi ile ile, nacho hakina uchungu wa kutajika. Tofauti iko katika kiungo kimoja tu. Vyote viwili vimebeba sukari mbili zilizoshikamana, glukosi na ramnosi; katika naringini ramnosi imeshikwa kwenye kaboni ya pili ya glukosi, na katika narirutini imeshikwa kwenye kaboni ya sita. Badiliko hilo dogo latosha kuifanya molekuli iingie au isiingie katika kipokezi cha uchungu, kama vile jino moja la ufunguo linavyoamua kama kufuli litafunguka.

Mwaka 1963, wanakemia wa Marekani, Robert Horowitz na Bruno Gentili, walionyesha jambo la ajabu zaidi. Walichukua dutu chungu ya danzi, iitwayo neohesperidini, wakaibadilisha kidogo kwa alkali na hidrojeni, nayo ikawa tamu kuliko sukari kwa zaidi ya mara elfu moja. Basi uchungu na utamu, ambavyo katika lugha ni vinyume, katika kemia vyaweza kuwa majirani wa mlango mmoja.

Kuna uchungu wa aina nyingine ambao mama wa nyumbani wengi wameushuhudia. Maji ya machungwa yaliyokamuliwa jioni huwa matamu, lakini yakilala hadi asubuhi huwa machungu. Hapo hakuna uchawi wala uzembe. Katika tunda zima mna dutu isiyo na uchungu ambayo hukaa mbali na asidi. Tunda likikamuliwa, dutu hiyo hukutana na asidi ya maji ya tunda na polepole hugeuka kuwa limonini, ambayo ni chungu hata ikiwa kidogo mno. Ndiyo sababu maji ya machungwa hayana budi kunywewa siku ile ile yanapokamuliwa.

Jambo moja zaidi lahusu joto la bondeni. Chungwa la nchi za baridi hugeuka rangi linapoiva, kwa kuwa usiku wa baridi huvunja kijani cha ganda. Katika mabonde ya joto, usiku nao ni wa joto, na chungwa lililoiva sana laweza kubaki kijani. Aidha, joto hulifanya tunda litumie asidi yake upesi. Kwa sababu hiyo machungwa ya mabondeni aghalabu ni matamu lakini hupungukiwa na ukali, na kinywaji kilichotengenezwa nayo huhitaji kuongezewa ndimu.

KAZI YA SUKARI NA KAZI YA CHUMVI

Watu wengi hudhani kwamba sukari huondoa uchungu. Sukari haiondoi molekuli hata moja ya naringini. Inachofanya ni kuushughulisha ubongo: utamu na uchungu vikifika pamoja, kila kimoja hukifunika kingine.

Chumvi hufanya kazi kwa njia nyingine. Ioni za sodiamu huzuia uchungu pale pale ulimini, kabla habari haijafika kwenye ubongo. Mwaka 1997, Paul Breslin na Gary Beauchamp walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba, katika mchanganyiko wa kitu kichungu na sukari, chumvi kidogo hupunguza uchungu na hivyo kuufanya utamu ujitokeze zaidi. Hii ndiyo maana ya chumvi ipakwayo kwenye ukingo wa bilauri ya tekila. Ni maarifa yale yale ya mtoto anyunyizaye chumvi na pilipili juu ya embe bichi.

NDUGU WA MKONGE

Tekila hutoka katika mmea uitwao kisayansi Agave tequilana, ulimwao hasa katika jimbo la Jalisco, Meksiko. Mkonge wetu ni Agave sisalana. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika hadi kupandwa Tanganyika, na hiyo ndiyo mama wa mashamba makubwa yaliyofuata.

Huku Afrika Mashariki mkulima hukata majani ili apate nyuzi. Kule Jalisco mkulima huyatupa majani na kulichukua shina, ambalo ni kubwa na lina umbo kama la nanasi. Mmea huu hauweki akiba yake kwa wanga kama ufanyavyo muhogo, bali kwa minyororo ya fruktosi. Hamira haiwezi kuila minyororo hiyo vizuri. Kwa hiyo mashina huokwa kwa muda mrefu mpaka minyororo ikatike na kuwa sukari nyepesi. Kisha hukamuliwa, huchachushwa kwa hamira, na hatimaye hukenekwa. Tangu mwaka 1974, jina la tekila limelindwa kisheria, na haliwezi kutumiwa kwa pombe iliyotengenezwa nje ya maeneo maalumu ya Meksiko.

Ni makosa, basi, kudhani kwamba mkonge hauna faida ila kamba na magunia. Mabaki yake yana nishati nyingi. Katika shamba la Hale, mkoani Tanga, yalitumiwa kuzalisha biogesi.

KUTENGENEZA KINYWAJI CHA BALUNGI NYUMBANI

Kinywaji kifuatacho hakina pombe, na kinafaa kutengenezwa jikoni au darasani. Vipimo hivi hutoa takriban lita moja:

Mabalungi 2, au madanzi 3
Ndimu 2
Sukari gramu 100, yaani vijiko 8 hivi vya chakula
Chumvi gramu 1, yaani kibano kimoja cha vidole
Maji mililita 600, yaliyochemshwa na kupozwa

Kwanza, matunda yaoshwe. Ganda la juu lenye rangi limenywe kwa kisu kikali, liwe jembamba, na ule utando mweupe uachwe, kwa kuwa naringini hujikusanya humo kwa wingi. Maganda hayo yachanganywe na sukari katika bakuli, yapondwe kidogo kwa mwiko, kisha yafunikwe kwa saa 2.

Hapa pana somo la kemia. Harufu ya tunda imo katika vifuko vya mafuta vilivyo gandani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonene. Mafuta hayo hayayeyuki vizuri katika maji, lakini huyeyuka katika pombe. Ndiyo sababu kipande cha ganda hutoa harufu nyingi kikitiwa katika tekila. Asiyetumia pombe ana njia nyingine. Sukari huyavuta maji kutoka katika seli za ganda, vifuko hupasuka, na mafuta hujipaka kwenye chembe za sukari. Baada ya saa 2, sukari itakuwa imelowa na kunukia.

Pili, matunda yakamuliwe hadi yapatikane maji ya mililita 400 hivi, ikiwa ni pamoja na ya ndimu. Maji hayo yamiminwe juu ya sukari na kukorogwa, kisha yachujwe. Tatu, chumvi itiwe, na mwisho maji yaliyochemshwa. Kinywaji kinywewe siku ile ile, kwa sababu mbili: limonini itaongezeka, na hamira za hewani zitaanza kukichachua.

TAHADHARI YA KWANZA: MTUNGI WA KUKENEKA

Msomaji aliyekwisha kujua kwamba mkonge una sukari, na kwamba sukari huzaa pombe, aweza kushawishika kujaribu mwenyewe. Asijaribu. Kukeneka pombe bila leseni ni kosa la jinai nchini Tanzania, na sayansi inaunga mkono sheria hiyo.

Pombe inywewayo ni ethanoli, ichemkayo kwenye nyuzi 78 za sentigredi. Methanoli ni ndugu yake, nayo huchemka kwenye nyuzi 65. Hutokea kidogo matunda yenye pektini yanapochachushwa, na kuna wachuuzi waovu wanaoitia kwa makusudi kutoka viwandani. Macho hayawezi kuzitofautisha, pua haiwezi, ulimi hauwezi. Ndani ya mwili, ini huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi na kisha asidi fomiki, ambayo huua mishipa ya fahamu ya macho. Mwezi Novemba mwaka 2000, jijini Nairobi, pombe ya aina hiyo iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Ladha tamu na chungu ya matunda huificha hatari hiyo vizuri mno.

Hata pombe halali hujificha. Mililita 50 za pombe kali ya asilimia 40 zina ethanoli ya gramu 16 hivi, na ini la mtu mzima huhitaji takriban saa 2 kuiondoa. Anywaye kinywaji kitamu hanywi kwa saa; hunywa kwa kiu.

TAHADHARI YA PILI: BALUNGI NA VIDONGE

Mwaka 1989, David Bailey na wenzake, katika mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, walitaka kujua kama pombe hubadili nguvu ya felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Ili washiriki wasitambue nani amepewa pombe na nani hakupewa, waliificha ladha yake kwa maji ya balungi. Matokeo yaliwashangaza. Kiwango cha dawa katika damu kilikuwa juu mara kadhaa kuliko ilivyotarajiwa, kwa waliokunywa pombe na kwa wasiokunywa pia. Kilicholeta tofauti kilikuwa balungi.

Sababu yake ilipatikana baadaye. Katika ukuta wa utumbo mwembamba mna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Kazi yake yaweza kulinganishwa na ya afisa wa forodha: hukagua kemikali ngeni zipitazo na huziharibu nyingi kabla hazijaingia katika damu. Watengenezaji wa dawa hulijua jambo hilo, nao hukadiria kipimo cha kidonge wakijua kwamba sehemu yake itapotea forodhani. Balungi lina dutu ziitwazo furanokumarini, ambazo hukishika kimeng'enya hicho na kukiua. Afisa akiwa hayupo, dawa yote hupita. Mgonjwa amemeza kidonge kimoja, lakini damu yake imepokea kana kwamba amemeza viwili au vitatu.

Bilauri moja yatosha kuleta athari hiyo, na utumbo huhitaji siku kama 3 kuunda vimeng'enya vipya. Kwa hiyo kumeza dawa asubuhi na kunywa balungi jioni si kinga. Danzi na balungi kubwa nazo zina furanokumarini. Chungwa tamu la kawaida halina athari hiyo.

Dawa zinazohusika ni pamoja na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu, kama simvastatini. Dawa ya malaria nayo imechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba maji ya balungi huongeza kiwango cha artemeta katika damu karibu maradufu. Artemeta ni sehemu moja ya dawa ya mseto, ALu, iliyofanywa kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini Tanzania mwaka 2006. Mtu asije akadhani kwamba hiyo ni njia ya kuipa dawa nguvu. Kipimo cha dawa kimewekwa kwa hesabu, na kinachoisaidia ALu ni kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa.

Bonde la Kilombero lina historia ndefu ya utafiti wa malaria. Maabara ya Taasisi ya Uswisi ya Tiba za Nchi za Joto ilianzishwa Ifakara mwaka 1957, nayo ndiyo iliyokua kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo watafiti wake wamewachunguza mbu wa Lupiro kwa miaka mingi. Mahali ambapo dawa hutumiwa mara kwa mara namna hii, hapana budi kila nyumba ijue jinsi ya kuitumia. Mzee mwenye shinikizo la damu hana haja ya kuogopa matunda yote; amwulize mganga au mfamasia wake swali moja tu: “Dawa hii yapatana na balungi?”

MAJARIBIO KWA DARASA

1. Bilauri nne zitiwe maji ya balungi kwa kiasi kimoja. Ya kwanza iachwe hivyo hivyo. Ya pili itiwe sukari. Ya tatu chumvi kidogo. Ya nne vyote viwili. Wanafunzi waonje bila kujua ipi ni ipi, wasukutue kwa maji kila mara, na kupanga bilauri kwa uchungu wake. Mwanafunzi anayetumia dawa yoyote asionje.

2. Ganda bichi la chungwa likunjwe na kubanwa karibu na mwali wa mshumaa. Matone ya limonene yatawaka kwa cheche. Jaribio hili lifanywe na mwalimu, mbali na macho ya wanafunzi na vitu viwezavyo kuungua.

3. Maji ya machungwa yagawanywe mara mbili. Nusu yaonjwe mara moja, na nusu nyingine ifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi hadi kesho yake. Wanafunzi waeleze badiliko la ladha na sababu yake.

Bilauri moja ya maji ya balungi, kama ilivyoonekana, imebeba mambo ya mimea, kemia, fiziolojia na tiba. Ulimi hutambua utamu na uchungu wake mara moja. Yale mengine, ambayo ndiyo yawezayo kumdhuru mtu au kumwokoa, ulimi hauna njia ya kuyatambua. Hayo hutambuliwa kwa elimu.